Kijiji Kizima Kinasubiri Maji Niliyoyatangaza

Admin, naomba ufiche jina langu na kijiji usikitaje, huku tunajuana wote. Mimi ni mwanamke wa miaka 31, mzaliwa wa Upare milimani. Nafanya kazi kwenye mradi wa maji huku tambarare, wilayani Same, njia ya kuelekea Kisiwani. Kazi yangu ni kukaa na wananchi na kuwaeleza mradi utawaletea nini.

Nilipoanza, bosi aliniambia kisima kitatosha watu, bustani na birika la kunyweshea mifugo. Nikayatangaza hayo kwenye mikutano kwa moyo wote, kwa sababu niliyaamini. Walinipokea kama binti yao. Mama Zaina, ambaye nimepanga kwake, akipika makande hawezi kula kabla hajaniwekea yangu.

Mwezi uliopita fundi wa pampu alinivuta pembeni. "Dada, nimepima. Maji yanatoka kidogo, kisha unakuja mchanga. Hapo labda shule na zahanati. Mifugo na mashamba, sahau." Nikampigia bosi. Wala hakushtuka. "Najua. Usiwakatishe tamaa watu. Siku ya uzinduzi tutaleta boza la maji lijaze tangi, wageni wataona maji yanatoka. Mengine tutajua mbele ya safari."

Shida ni kwamba watu hawakusubiri uzinduzi. Mama Zaina ameshauza punda wake wa kubebea maji. Ndiva, lile bwawa la asili ambalo wakulima hugawana maji yake kwa zamu, mwaka huu halikuzibuliwa matope. Wanasema ya bomba yanakuja, ya nini kujichosha? Vijana wamepanda nyanya na vitunguu mpaka kwenye ardhi ambayo kiangazi huwa hailimwi.

Juzi nikajikaza. Mkutanoni nikasimama nikasema, "Ndugu zangu, maji yanaweza yasitoshe kama nilivyowaambia." Wakacheka! Mwenyekiti wa kijiji akasema, "Binti yetu anaogopa kijicho, ndiyo maana anayapunguza." Wakanipigia makofi. Kabla sijaendelea, bosi, ambaye siku hiyo alikuja mkutanoni, akachukua kipaza sauti akatangaza uzinduzi ni Jumamosi hii. Vigelegele vilivyopigwa, jamani, nilitamani ardhi ipasuke.

Watu walipotawanyika akaniinamia sikioni, taratibu kabisa: "Ukirudia, nitasema uliwadanganya wewe. Mimi hapa wameniona leo tu. Wanaijua sura yako."

Jana wafugaji wakaanza kuingia kutoka nyikani, wamesikia habari za birika. Ng'ombe wengi, mbavu zinahesabika. Wakulima nao wakaanza kuzungushia mashamba yao miiba, na niliwaona vijana wawili wakinoa mapanga pembeni ya vitunguu vyao. Hakuna aliyegombana na mtu. Wanasalimiana, ila wanaangaliana kwa jicho la pembeni.

Mzee mmoja wa wale wafugaji akanifuata. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ndiye binti wa maji?"

Nikaitikia ndiyo.

"Tulikotoka kumekauka. Kurudi, hawa ng'ombe hawafiki." Akanitazama, hana hasira hata kidogo. "Tumekuja kwa neno lako."

Nilitikisa kichwa tu, sijui hata nilimaanisha nini.

Leo asubuhi boza limeingia, limeegeshwa nyuma ya ghala, wamelifunika turubai. Akina mama wanafagia uwanja. Nimempigia mama yangu, anasema nipande zangu mlimani nisigeuke nyuma. Lakini nikiondoka, Jumatatu tangi likishakauka, wale watu na wale ng'ombe watabaki wanatazamana, na katikati yao hakuna maji.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, nimesema ukweli mara moja wakaupigia makofi. Nauambia nani sasa, na kwa maneno gani, ili waniamini kabla ya Jumamosi? Nishikeni mkono, akili yangu imefika mwisho.