Machozi ya Nyapara wa Changamwe

Siku yangu ya kwanza katika ghala la mkonge huko Changamwe, miaka ya arubaini, nilikabidhiwa kipande cha chaki nikaambiwa mimi ni karani wa tali, yaani mwenye kutia alama kila robota linaloinuliwa na winchi. Harufu ya mkonge mkavu asubuhi, na makuli wakitaniana kwa Kigiriama na Kiswahili, naitamani hadi leo.

Vijana wa sasa humwita kila mwenye hasira saikopathi. Sivyo. Nyapara wetu hakupata kumpazia mtu sauti. Aliwaamkia wazee kwa adabu na kuwajua watoto wetu kwa majina. Alichokosa ni kimoja: maumivu ya mwenziwe hayakumgusa, wala hakujua kujuta.

Katana, mfunga mizigo, alimwonya mbele yangu kwamba mnyororo wa winchi umelika. Nyapara akatabasamu. "Wewe Katana waogopa chuma kuliko mkeo. Funga, baba, tuinue." Mnyororo ukakatika, robota likamvunja Katana mguu. Jioni ile ile nyapara alimwarifu Meneja kuwa Katana ndiye aliyefunga vibaya.

Kesho yake tulikwenda kumjulia hali. Nyapara alimshika mamake Katana mikono, akalia hata wanawake wakambembeleza yeye. Tulipofika njiani, uso ulikuwa umeshakauka. Akaniuliza kama mtu aulizaye saa, "Karani, yule mama ameamini?"

Nilimweleza Meneja yote, pamoja na swali lile. Akanijibu, "Mtu aliaye vile hawezi kuwa mwongo." Katana akafukuzwa, na sifa ya uzembe ikamfuata kila alipoomba kibarua, hata Likoni.

Nilipostaafu, nyapara, naye mzee sasa, alikuja kwenye hafla yangu akahutubu jinsi alivyompigania Katana asifukuzwe. Sauti ikamkatika, watu wakajifuta macho. Katana alikuwa ameketi kando yangu na mkongojo wake. Nilipotaka kuinuka, akanishika mkono.

"Kaa, kaka," akaninong'oneza. "Hata mimi nusura nimwamini."

Nikautoa mkono wake taratibu, nikasimama, nikasema mnyororo ulikuwa umelika na Katana alionya. Nyapara akanitazama kwa upole, akauliza kama leo nimekunywa dawa yangu. Ukumbi mzima ukacheka.

Wale walicheka. Nyinyi mnaosoma hamkuyaona machozi yake, na kwa hiyo nawategemea: Katana hakuzembea.