Chombo Kilichofungiwa Kwenye Baridi

Hospitali nzima ilimwita Dada Saa, na jina hilo hakulipenda hata chembe. Kazi yake ilikuwa kuandaa dawa ya mionzi ya kupigia picha za mifupa, dawa isiyojua kungoja mtu. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amewafokea wasukuma machela, madaktari, hata mkurugenzi mwenyewe, kwa sababu ya dakika tano tu.

Jumatatu hiyo, saa mbili asubuhi, mzee wa stoo aliingia akisukuma kitoroli huku anatabasamu. Juu yake kulikuwa na kile chombo kizito cha madini ya risasi, anamotoa dawa yake. Jumamosi nzima wagonjwa wanane walikuwa wamekisubiri kwenye benchi, wakaondoka mikono mitupu.

"Kilifika lini?"

"Ijumaa saa nane mchana, dada. Ulikuwa umeshatoka. Nikakifungia chumba cha baridi pamoja na chanjo, maana Jumamosi sikuwa zamu. Kizima kabisa!"

Dada Saa alishika kichwa.

"Mzee wangu, humo ndani kuna molibdenumi. Kiini cha atomi yake kina protoni arobaini na mbili, na hakitulii. Nyutroni moja inageuka protoni, elektroni inarushwa nje, basi, protoni zimekuwa arobaini na tatu. Hiyo si molibdenumi tena, ni teknetiamu, ndiyo dawa ninayoikamua humo kila asubuhi."

"Ndiyo maana nikaiweka kwenye baridi, isigeuke ovyo."

"Haisikii baridi! Haisikii joto, haisikii kufuli lako! Friji haikifikii kiini. Kila saa sitini na sita, nusu ya molibdenumi inakuwa imekwenda. Haya, hesabu tangu Ijumaa saa nane."

Mzee alihesabu kwa vidole, midomo ikimcheza. Kumi za Ijumaa, Jumamosi nzima, Jumapili nzima, nane za leo. Alirudia mara mbili, halafu tabasamu likamtoka.

"Sitini na sita," alisema. "Nisamehe, dada."

Angemfokea mpaka mchana, lakini naye hakuwepo kukipokea. Ijumaa ile alitoka mapema, kwa mara ya kwanza mwaka huo, kwenda kumpokea shangazi yake stendi. Shangazi ndiye aliyemlea. Alikuwa na uvimbe kwenye mfupa wa paja, na daktari hakutaka kumpasua kabla ya kuona kwenye picha kama umesambaa.

Alikamua, akapima. Dawa ilitosha watu wanne kati ya wale wanane. Alichukua orodha, akatamani kuichana: shangazi alikuwa wa tano, na waliomtangulia nao walikuwa wagonjwa kama yeye.

Akatoka hadi kwenye benchi, akachuchumaa mbele yake.

"Shangazi, leo imeshindikana. Na dawa ya siku zilizobaki ina watu wake. Tusubiri chombo kingine, wiki ijayo."

Shangazi alijisugua paja taratibu.

"Sawa, mwanangu. Mimi nitasubiri. Huu uvimbe nao, umeuuliza kama utasubiri?"