Sahani za Harusi na Upepo wa Same

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingi, mwanangu, nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya nyumba yangu hapa Same, nafunika sahani kwa gunia ili mama mkwe wangu asizione.

Mimi ni mzaliwa wa Kighare, milimani. Kule juu kuna ukungu na baridi. Chombo ukikiweka ndani kinakauka chenyewe polepole, nami nikadhani huo ndio ufundi wangu. Nilikuwa nimejifunza kufinyanga kwa gurudumu, kwa hiyo nilipoolewa huku chini nilijiona fundi hasa. Shemeji yangu Eliamini alipotaka kuoa, nikajitapa mbele ya ukoo mzima kwamba sahani arobaini za wageni nitazifinyanga mimi. Zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Nilizifinyanga zote, nikazipanga mlangoni zipate jua na upepo, zikauke upesi. Wewe unaujua upepo wetu. Kufika alasiri kingo zilikuwa zimenyanyuka kama majani yaliyoanza kunyauka. Niliweka moja mezani, ikacheza. Nikaweka ya pili, nayo ikacheza. Nililia kidogo, sikufichi.

Mama Nakiete, mama mkwe wangu, alikuwa ameshuka kutoka milimani siku hiyo hiyo. Alifinyanga vyungu kwa mikono tangu usichana wake na hakuwahi kukalia gurudumu hata mara moja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umefunika nini hapo?"

Alilivuta gunia mwenyewe. Akachukua sahani moja, akaiweka mezani, akaibonyeza ukingoni kwa kidole. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza upande upi ulikuwa umeelekea mlangoni.

Nikamjibu kwa kiburi cha aibu, "Mama, hizi ni za gurudumu. Si kama vyungu vyenu."

"Kwani gurudumu lina jua lake?"

 Naye hakuninyanyasa. Alinionyesha kwamba upande uliopigwa na upepo ulikuwa umekauka kwanza, na udongo ukikauka hunywea, basi ukauvuta ule ulio bado mbichi. Akanionyesha jambo jingine pia: sahani nyingine zilipinda kwa sababu nilizinyanyua kwa vidole zikiwa laini, nikazikunja, kisha nikazinyoosha nikidhani zimepona. "Udongo hausahau," alisema. Yote hayo aliyajua kwa kutazama tu, kwenye kazi ambayo hakuifanya maisha yake yote. Mpaka leo namstaajabia.

Tuliziloweka zote kwenye ndoo, tukaukanda udongo upya. Mimi nikafinyanga, yeye akachukua kazi ya kukausha, na ndipo nilipoona fundi ni nani. Alinikataza kuacha ukingo mwembamba na kitako kinene. Kila sahani ilitoka kwenye gurudumu pamoja na kibao kilichowekwa chini yake, bila kushikwa. Alizihamishia chumba cha ndani kisicho na upepo, akafunika kingo kwa vipande vya nailoni kwa sababu kingo ndizo hukimbilia kukauka. Ukingo ulipokakamaa aliigeuza sahani kifudifudi kwenye ubao tambarare ulionyunyizwa majivu, ili inaponywea iteleze bila kukwama. Kila asubuhi aliigusisha shavuni. "Bado baridi, maji yamo," alisema, akairudishia nailoni.

Siku zikawa zinaisha. Nilimwomba tuzitoe nje angalau saa moja. Alikataa, akaniambia niende mbele ya ukoo nikaseme ukweli. Nilisema kwamba zitakazowahi kukauka na kuchomwa ni sahani ishirini na sita tu, na nyingine tuazime. Yeye alikaa kando yangu, na mtu alipotaka kunicheka alimkazia macho mpaka akaacha.

Siku ya harusi wazee walipakuliwa makande katika zile ishirini na sita, zikiwa zimeshatoka motoni. Nilipita meza moja baada ya nyingine, natazama vitako. Hakuna iliyocheza. Mama Nakiete alikuwa anakula, wala hakutazama.

Basi nakuambia, mwanangu, wewe uliyekalia gurudumu sasa. Unene wa chombo uwe sawa. Usikishike kikiwa laini. Kikinge na upepo, funika ukingo, kigeuze mapema, na usikitoe nje kabla shavu lako halijakuambia kimekauka. Ukiwa umeahidi siku na udongo haujawa tayari, nenda ukaseme; aibu ya kusema ni ndogo. Na mtu wa kazi tofauti na yako akikuambia neno, msikilize kwanza.

Mungu aibariki mikono yako, aipe nguvu na utulivu. Akujalie watu watakaokuonyesha kosa lako bila kukudhalilisha, nawe uwe mtu wa namna hiyo kwa watakaokuja baada yako.