Fridge guard iliokoa inkubeta, nusura iue mbegu ya kuku wa mama

Wakuu, heshima kwenu. Hili limenikuta mwenyewe hapa Mkiwa, na sijaongeza chumvi hata punje.

Nina inkubeta ndogo ya mayai sitini. Juzi kati mama aliniletea mayai ya kuku wake wa kienyeji, mbegu aliyokuja nayo alipoolewa.

Wiki haijaisha, kideri kikapita kijijini kwake, kikafagia banda zima. (Chanjeni kuku, jamani.)

Kwa hiyo mbegu yote ikabaki ndani ya mashine yangu. Mama akawa anapiga simu kila asubuhi.

Sasa, ng'ambo ya barabara kuna mashine ya kukamua alizeti. Ikiwashwa tu, taa zangu zinafifia kama kibatari. Nikajiona mjanja, nikanunua fridge guard. Umeme ukishuka au ukipanda sana, inakata. Nikatamba mtaa mzima.

Siku ya kumi na nne natoka shamba saa tisa alasiri, nakuta guard imekata. Inkubeta salama kabisa. Mayai yamepoa hadi nyuzi 31.

Wakuu, nililia. Guard ilifanya kazi yake. Mjinga ni mimi, nililinda mashine nikasahau kilichomo.

Nikampigia mama, nikijua leo nitaoga matusi.

"Usifungue fungue," akasema. "Kwani kuku hashuki kwenda kula? Yafunike, mwanangu."

Nikapanga madumu ya maji moto kuizunguka inkubeta, juu nikatupia blanketi letu. Mke wangu akauliza sisi tutajifunika nini.

Kesho yake nikaenda kwa mwenye mashine ya alizeti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Nilipomweleza yaliyonikuta, akasema, "Guard inakata tu, kijana. Tafuta stabilizer, inaupandisha umeme uliopungua. Mimi nimeunguza mota mbili ndo nikajua. Mpaka uipate, nitakupigia kabla sijawasha."

Na kweli alikuwa anapiga. Nami nachemsha maji.

Siku ya ishirini na moja, kimya. Nikakata tamaa kabisa.

Ya ishirini na mbili, asubuhi, yai moja likapasuka. Hadi jioni vifaranga thelathini na nane!

Mama alikuja kuvichukua, akavihesabu mara mbili, safari hii akavichanja. Stabilizer ninayo sasa, na guard sijaitupa. Kwenye kitu chenye uhai ndani, usitegemee kukatiwa umeme tu.

Siku hizi mama akipiga hata haniulizi hali. Anaanza na, "Umeme umeamkaje?"

Wenye inkubeta wa Kiomboi na Manyoni, ukizimika kutwa nzima mnafanyaje? Nipeni mbinu, blanketi tunalo moja tu.