Vidonge Tisa

Fundi alikuwa mwanamke wa kushona nguo za wenzake huku zake zikisubiri kiraka. Alikuwa na maneno makali kwa wateja wasumbufu. Ila kwa mdogo wake wa kiume, aliyeandamwa na sauti ambazo wengine hawazisikii, alikuwa mpole hadi kupitiliza.

Hospitali ilipotafuta watu wa kujaribia dawa mpya ya skizofrenia, mdogo mtu alikubali, akatia sahihi kwa mkono wake. Hakuna aliyejua nani kapewa dawa yenyewe na nani kidonge kitupu, hata daktari. Kila mwezi walirudisha chupa, nesi akahesabu vidonge vilivyobaki. Mwezi wa kwanza sauti zilipungua. Wa pili zikanyamaza kabisa, naye akaanza kumsaidia dada yake kupiga pasi. Fundi alilia kwa furaha, akasingizia vitunguu.

Mwezi wa tatu sauti zilirudi, na Fundi akakuta chupani vidonge tisa ambavyo mdogo wake hakuvimeza. Aliogopa mdogo wake asije akafukuzwa kwenye majaribio. Basi akavitumbukiza chooni, akavuta maji. Tusimcheke, mapenzi yana ujinga wake. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na yake iliishia mezani kwa nesi.

"Hesabu imetimia," nesi alimwambia daktari.

Daktari alikunja uso. "Anameza kila siku, na sauti zimerudi. Basi hii haimfai. Itabidi tumtoe."

Fundi akinyamaza, mdogo wake angenyimwa kile kilichomtuliza, na dawa ingeandikiwa lawama isiyo yake. Akisema, huenda wakafukuzwa wote wawili.

"Nimewadanganya," alisema. "Vilibaki tisa. Nilivitupa mimi."

Nesi aliikata hesabu kwa mstari, akaandika upya. Daktari akasema basi hamtoi. Akamgeukia mgonjwa mwenyewe, ambaye tangu waingie hakuna aliyemuuliza kitu.

"Kwa nini uliacha, ndugu yangu?"

Alitazama sakafu. "Zikinyamaza, nyumba inakuwa kimya mno."

"Kwani mimi sipo?" Fundi aliuliza, na uchungu ukasikika.

"Upo, dada. Lakini huongei na mimi. Unaniuliza tu kama nimemeza."

Fundi alitafuta la kumwambia lisilohusu dawa. Alikaa muda mrefu bila kulipata.