Kidole Changu Kilikubali Utafiti, Sasa Wanataka Kikane

Mhariri, fichia mimi jina. Na nyinyi wasomaji, mnisome mpaka mwisho ndio mnitukane. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na mbili, sijaoa, natoka upande wa Matinyani. Nilisoma mpaka darasa la nne. Kiswahili nasoma pole pole, Kizungu hapana, na sahihi sina, kila mahali naweka kidole. Nyumbani wananiita bubu kwa sababu nikiwa kwa watu siongei. Lakini macho yangu haina aibu. Mimi naangalia.

Mvua iliyopita baba alishikwa na malaria ikapanda kichwani. Asubuhi tulikuwa naye tukipalilia mbaazi, saa nane mchana ananiita kwa jina la ndugu yake aliyekufa zamani. Kaka yangu mkubwa, nimwite Kimanzi, anafanya kazi Emali. Tulimtumia ujumbe siku hiyo hiyo, Jumatatu. Kwetu jambo kubwa la baba linaamuliwa na kifungua mimba, na mimi ni wa pili. Hio nilijua. Lakini baba alikuwa anatoa povu mdomoni, na mtu wa kuamua aliyekuwa hapo ni mimi peke yangu.

Hospitalini sista mmoja akaja akachuchumaa mbele ya benchi yangu, akaniongelesha Kikamba. Akasema kuna madaktari wanafanya utafiti, wanatafuta ni dawa gani inaokoa watu wazima malaria ikiwa kali hivi. Wengine wanapewa kwinini ya dripu, ile ya siku zote. Wengine sindano mpya. Daktari hachagui, inachagua bahasha iliyofungwa. Na watachota damu kidogo mara kwa mara.

"Ukikataa, mzee atatibiwa tu kama wengine, hakuna mtu atakununia. Umeelewa?"

Nikatingisha kichwa.

"Hapana. Niambie kwa mdomo wako."

Nikamwambia yote, kutoka bahasha mpaka damu. Sijawahi kuongea na mgeni maneno mengi hivyo.

Na mjue kwa nini nilikubali. Kwa wodi kubwa wagonjwa walikuwa wawili wawili kwa kitanda. Mmoja dripu yake ilikuwa imeisha na hakuna aliyeona, ni mimi nilimwita mtu. Vitanda vya utafiti vilikuwa vinne, kila mtu peke yake, na sista anazunguka na saa yake akishika watu mkono. Nikasema hapa baba ataangaliwa. Nikaweka kidole. Wakafungua bahasha mbele yangu. Ikatoka kwinini. Ile ya siku zote, chupa ile ile ya wodi kubwa. Niliangalia chupa yenyewe ikitundikwa.

Kimanzi aliitwa Jumatatu akafika Jumatano. Hio hakuna mtu anamuuliza. Alipofika hakumwangalia baba kwanza, aliangalia kidole changu. Bado kilikuwa na wino. Kwetu mzee akirudi nyumbani na kidole cha buluu, ujue shamba limeenda.

"Umeuza nini ya baba?" Aliuliza kwa sauti, wagonjwa wakageuka.

Nikaogopa. Nikasema, "Ni karatasi ya kitanda tu."

Huo ndio uwongo wangu wa kwanza. Baba akafa Alhamisi.

Tulipomaliza kuzika, Kimanzi akapata kwa koti langu ile nakala ya fomu niliyopewa hospitali, akampelekea mwalimu amsomee. Akarudi akipiga kelele. "Utafiti! Baba yetu alifanywa panya wa kujaribia dawa, na mwenye kufungua mlango ni huyu!" Shangazi akasema damu ilikuwa inaenda kuuzwa. Watu wa kanisa waliokuja kutuombea wote wakaniangalia. Shangazi akaongeza, "Si mnaona? Kumbe bubu anaongea, bora awe na watu wa hospitali!" Wakacheka. Siku tatu baada ya kuzika mzee, wakacheka.

Kimanzi akanionyesha njia. "Toka. Hapa hakuna nyumba yako."

Ndio nikasema, "Nilidanganywa. Sista aliniambia ni ya kitanda."

Mara moja nikawa mtoto wa nyumbani tena. Mama akaniletea uji. Ule uji niliuchukia, na niliumaliza.

Kimanzi akaenda hospitali na maneno yangu. Sista akasimamishwa kazi. Alhamisi inayokuja tumeitwa kwa ofisi ya wakubwa wao. Karatasi imeshaandikwa kwamba sikuelezwa kitu, inangoja kidole changu. Nilijaribu kumwambia Kimanzi baba alipewa kwinini, dawa ile ile angepewa hata kama ningekataa.

"Nani aliona?"

"Mimi."

"Wewe unajua kusoma?"

Alichelewa yeye siku mbili, na sasa anatafuta mtu wa kubeba hizo siku mbili. Nikimwambia hivyo nitalala nje. Na hao madaktari pia siwapendi, wasidhani. Walichota damu ya baba mpaka asubuhi ile ya mwisho, na tangu afe hakuna daktari hata mmoja amekuja kutuambia pole. Mwenye alikuja ni sista peke yake, alisimama nyuma ya watu tukizika, akaondoka bila kula. Mimi ndio nilimwona.

Jana nimemwambia mama ukweli wote, tukiwa wawili, tukichambua maharagwe. Hakushangaa. Aliendelea kuchambua, kisha akasema, "Mwanangu, huyo sista atapata kazi kwingine. Wewe utapata mama wapi kwingine?"

Nyinyi mmesoma kunishinda, na hamnijui, kwa hivyo hamwezi kunionea haya. Mlio na kaka wakubwa, na nyinyi mnaofanya kazi hospitali, niambieni kabla ya Alhamisi. Hiki kidole nikiweke, ama nikifiche mfukoni nifungue mdomo?