Mke wangu alilaumiwa kwa kula pemba, kumbe ni risasi niliyoyeyusha mimi

Wakuu, salamu kutoka Kamina. Nitaandika niliyoyafanya na niliyoyaona. Nisilolijua nitasema silijui.

Mimi ni fundi wa reli. Treni zilipoanza kupita kwa nadra, nilitafuta kazi ya mikono nyumbani.

Nilikuwa nanunua betri kuukuu za malori, navunja, natoa risasi, yale madini mazito ya ndani tunayoita plomb, naiyeyusha kwenye sufuria juu ya mkaa na kutengeneza vizito vya nyavu. Wavuvi wa upande wa ziwa Kisale walivipenda kwa sababu vyangu vyote vilikuwa na uzito mmoja.

Mke wangu ndiye aliyemimina, maana mkono wake hautetemeki. Binti yetu Ngoie, aliyezaliwa kabla ya kazi hiyo, alikaa hapo hapo akiokota vizito vilivyopoa. Alivipanga kumi kumi, kwa kuwa alijua kuhesabu mpaka kumi tu.

Tulifanya hivyo miaka mitatu.

Mke wangu alipopata mimba ya pili, nilizima jiko siku ile ile. Nilikuwa nimesikia kwamba moshi ule si mzuri kwa mjamzito. Nilitoa kila kitu uani na sikuwasha tena. Nilijiona mwanaume mwangalifu.

Banza alizaliwa mdogo. Alichelewa kutembea, akachelewa zaidi kusema. Leo ana miaka kumi na sita, mpole, ana nguvu. Ukimtuma vitu vitatu sokoni analeta kimoja na kuomba msamaha. Darasa la tatu alilirudia mpaka mwalimu akaniita, akasema tusimtese.

Kwetu lawama haikai bila mwenyewe. Mama yangu mzazi alimpata haraka.

"Bibi yako alikulaka pemba mimba yote. Udongo iliingia mutoto mu kichwa."

Kwa wasiojua, bibi kwetu ni mke, na pemba ni udongo mweupe unaouzwa sokoni kwa mafungu. Wajawazito wengi hapa huutafuna.

Mke wangu alijibu mara moja tu: "Na mimba ya Ngoie nilikulaka, mama."

Nilikuwepo, sikumtetea. Baadaye nikaanza kusema kama mama yangu. Hata chumvi ikizidi kwenye mboga, nilimwambia: "Njo ile pemba," yaani ndiyo ile pemba. Niliona ni utani.

Mama yangu alifariki akiamini hivyo.

Mwaka huu jirani yangu, nesi mstaafu, aliniazima kitabu chake cha Kifaransa cha magonjwa ya kazini. Ninasoma polepole, na kamusi na daftari. Sura ya risasi niliisoma mara tatu.

Inasema risasi haiishii kwenye damu. Inaingia kwenye mifupa na kukaa humo miaka mingi. Mwanamke akipata mimba, mwili huchukua kwenye mifupa yake ili kujenga ya mtoto, hasa chakula kikiwa haba, na risasi hutoka pamoja nayo. Huvuka mpaka kwa mtoto. Kinachoumia zaidi ni ubongo, na madhara yake yanaweza kubaki maisha yote.

Kwa hiyo siku niliyozima jiko nilikuwa nimechelewa miaka mitatu.

Siwezi kuthibitisha. Nilimuuliza nesi kuhusu kipimo cha risasi kwenye damu, akasema hapa hajawahi kukiona. Pemba nayo si salama. Inaweza kupunguza damu mwilini, na udongo mwingine una risasi yake. Lakini pemba ilikuwepo mimba zote mbili. Jiko lilitangulia moja tu. Mtu anayejisifu kwa uzito sawa alipaswa kuliona hilo zamani.

Nilimweleza mke wangu akichambua matembele. Hakuacha kuchambua.

"Minyi nilisemaka, baba Ngoie. Mulikuwa babili pale, weye na mama yako. Hakuna muntu alinisikia."

Nikaomba msamaha.

"Msamaha utaleta kesho. Ngoie iko na mimba ya miezi ine. Panda treni."

Ngoie ameolewa Luena. Ni yule yule aliyepanga vizito kumi kumi. Nilimweleza mbele ya mumewe, bila kupunguza neno. Alisikiliza, akatazama mikono yake.

"Sasa baba, hii mifupa nitaitupa wapi?"

Nilimpa nilichokuwa nacho: ndagala, yaani dagaa, waliwe na mifupa yao, maharagwe, mboga za majani, vidonge vya kuongeza damu asiruke hata kimoja, na pemba aiache. Kitabu kinasema mwili uliopata kalsiamu na chuma vya kutosha hauiachii risasi nyingi hivyo. Hakisemi kwamba hauiachii kabisa.

Funzo langu: afya ya mimba haianzi siku mimba inapoingia. Kabla ya kumuuliza mama alikula nini, ulizeni baba alileta nini nyumbani.

Mwenye kujua kipimo hicho kinapatikana wapi, Lubumbashi au kwingine, na kama kuna jambo zaidi la kufanya, aandike hapa chini. Asiyejua aseme hajui. Kwangu kubahatisha kumeshatosha.

Nitasoma kila jibu. Mvua zikianza, Ngoie anajifungua.